Mto Mmoja, Dola Mbili: Profesa Henry Dyer na Wanafunzi wa Kijapani

Mwaka 1878, katika kiwanda cha kuunda meli cha William Denny na ndugu zake mjini Dumbarton, Scotland, ilishushwa majini merikebu iliyoagizwa na Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Ikapewa jina la Glasgow. Wazee wetu wameisimulia sana merikebu hii, kwani ndiyo iliyozamishwa na mizinga ya Waingereza katika bandari ya Unguja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimia hata saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi, ikionekana na kila aliyeingia bandarini.

Dumbarton iko kando ya mto Clyde, chini kidogo ya mji wenyewe wa Glasgow. Katika karne ya 19 hapakuwa na mto duniani ulioshinda huo kwa kuunda meli za chuma. Wateja walitoka kila pembe: Zanzibar, Misri, Uturuki, India, na Japani. Lakini Wajapani, pamoja na meli na mashine, waliagiza kutoka huko kitu ambacho dola yetu haikukiagiza. Waliagiza mwalimu. Mwalimu huyo ni Henry Dyer, na katika makala haya tunataka kueleza maisha yake ya kufundisha, jinsi wanafunzi wake walivyosafiri baina ya Tokyo na Glasgow, na kwa nini habari hii inatuhusu sisi wenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki, popote tulipo leo.

Mtoto wa mfanyakazi wa chuma

Henry Dyer alizaliwa tarehe 16 Agosti 1848 katika eneo la Bothwell, Scotland. Familia yake haikuwa ya watu wakubwa. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha kusubu chuma huko Shotts, na mtoto alikulia katika moshi na sauti za nyundo. Familia ilipohamia Glasgow, kijana aliingia uanagenzi katika kiwanda cha mitambo. Mchana alikuwa na grisi mikononi, na jioni alikwenda kusoma katika Chuo cha Anderson, ambacho kilikuwa na masomo ya usiku kwa watu wa kazi.

Katika masomo hayohayo ya usiku alikuwamo kijana wa Kijapani, Yamao Yozo. Mwaka 1863 Yamao na wenzake wanne wa ukoo wa Choshu walitoroka Japani kwa siri, wakati ambapo kutoka nje ya nchi bila ya ruhusa kuliweza kumpeleka mtu kwenye kifo. Walisoma London, na baadaye Yamao akaenda Glasgow kufanya kazi katika kiwanda cha meli cha Napier. Vijana hawa wawili, Mskoti na Mjapani, waliketi katika darasa moja pasi na kujuana. Walikuja kujuana miaka kadhaa baadaye, Tokyo.

Mwaka 1868 Dyer aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow akawa mwanafunzi wa Profesa William Rankine, aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa nadharia ya injini ya mvuke. Rankine alikuwa na rai moja iliyomkaa Dyer maisha yake yote: mhandisi lazima awe na mambo mawili kwa pamoja, elimu ya sayansi na mikono iliyozoea kazi. Uingereza ya siku hizo ilishikilia zaidi la pili, na mtu akijifunza uhandisi kwa kukaa miaka chini ya fundi mkubwa. Ufaransa na Ujerumani zilishikilia zaidi la kwanza, kwa skuli za juu zenye hesabu nyingi.

Juni 1873

Mwaka 1868 utawala wa Japani uligeuka, na serikali mpya ya Mfalme Meiji ikaamua kujenga reli, minara ya taa, migodi na nyaya za telegrafu. Mwaka 1870 ikaanzisha Wizara ya Kazi za Umma. Yamao alikuwa amesharudi kwao, akawa mmoja wa viongozi wa wizara hiyo, pamoja na mwenzake wa safari ya 1863, Ito Hirobumi, ambaye mwaka 1885 alikuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani. Watu hawa wawili waliona kwamba kuajiri wahandisi wa kigeni ni dawa ya muda. Mgeni ni ghali, na siku moja ataondoka. Inatakiwa skuli.

Ito alipofika Uingereza mwaka 1872 pamoja na ujumbe mkubwa wa serikali yake, aliomba apatiwe mtu wa kuanzisha chuo cha uhandisi Tokyo. Swali likafika kwa Rankine, na Rankine akamtaja mwanafunzi wake. Rankine alifariki mwisho wa mwaka huo, lakini neno lake lilikuwa limeshafika. Dyer aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo na profesa wa uhandisi akiwa na umri wa miaka 24, hajawahi kufundisha chuo kikuu chochote. Katika safari ndefu ya baharini aliandika mpango mzima wa masomo, na alipofika Japani mwezi wa Juni 1873 alimkabidhi Yamao. Ulikubaliwa karibu kama ulivyo.

Wasomaji wetu wataukumbuka mwezi huo kwa jambo jingine. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la Unguja, huku manowari za Kiingereza zikitishia kuzingira kisiwa. Biashara hiyo ilikuwa dhuluma, na kufungwa kwake ni kheri. Lakini namna mkataba ulivyopatikana ilionyesha jinsi dola yetu ilivyokuwa imebanwa. Japani nayo ilikuwa imefungwa na mikataba isiyo ya haki iliyowekwa na mataifa ya Magharibi. Dola zote mbili zilijua kwamba wakati ni mchache.

Mtalaa wa miaka sita

Chuo hicho kwa Kijapani kiliitwa Kobu Daigakko, na kilijengwa Toranomon, Tokyo. Masomo yalichukua miaka sita. Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ya maandalizi: hesabu, fizikia, kemia, kuchora ramani, na lugha ya Kiingereza, kwani walimu wengi walitoka Uingereza na ndiyo lugha waliyofundishia. Miaka miwili ya kati iligawanywa: nusu ya mwaka darasani, nusu ya mwaka kazini. Miaka miwili ya mwisho mwanafunzi alikuwa kazini moja kwa moja, kwenye reli, mgodini, au katika karakana za serikali za Akabane, ambako zana na mitambo ya kweli ilitengenezwa kwa ajili ya kazi za kweli.

Palikuwa na fani za ujenzi, mitambo, telegrafu, usanifu wa majengo, kemia, na migodi na uyeyushaji wa madini. Baadaye iliongezwa fani ya kuunda meli. Fani ya telegrafu inastahili kutazamwa kwa makini, kwani wakati huo ni vyuo vichache mno duniani vilivyofundisha uhandisi wa umeme kama elimu ya kujitegemea. Serikali iliwalipia wanafunzi, nao walifungwa na ahadi ya kuitumikia kwa muda maalumu baada ya kuhitimu.

Hapa Dyer aliziunganisha zile njia mbili alizozirithi, ile ya karakana na ile ya darasa. Kwao Uingereza hapakuwa na chuo kilichofanya hivyo kwa ukamilifu huo. Tokyo aliweza kwa sababu alianza na kiwanja kitupu, na kwa sababu Yamao, ambaye naye alikuwa amepitia kiwandani mchana na darasani usiku, alielewa kila ukurasa wa mpango ule.

Walimu waliokuwa watafiti

Chini ya Dyer walikusanyika vijana hodari. William Ayrton alifundisha fizikia na telegrafu. John Perry alijiunga naye mwaka 1875, na wawili hao wakafanya Tokyo utafiti mwingi wa umeme uliosomwa Ulaya. Tarehe 25 Machi 1878, katika karamu ya kufungua ofisi kuu ya telegrafu, Ayrton na wanafunzi wake waliwasha taa ya umeme katika ukumbi wa chuo. Mpaka leo Wajapani huiadhimisha tarehe hiyo kuwa siku ya umeme.

John Milne, aliyefika mwaka 1876 kufundisha jiolojia na migodi, alikuta nchi inayotikisika. Baada ya zilizala iliyoipiga Yokohama mwezi wa Februari 1880, yeye na wenzake walianzisha jumuiya ya kuchunguza mitetemeko ya ardhi, na vyombo vya kupimia walivyotengeneza huko vikaenea duniani. Josiah Conder alifika mwaka 1877 kufundisha usanifu wa majengo. Mwanafunzi aliyesoma kwa watu hawa hakupewa tu majibu yaliyokwisha kupatikana kwingine. Alimwona mwalimu wake akiuliza swali ambalo hakuna aliyelijua jibu lake, na mara nyingi swali lenyewe lilikuwa la nchi yake yeye mwanafunzi.

Wanafunzi kumi na mmoja

Kundi la kwanza lilihitimu mwaka 1879, watu 23. Mwaka uliofuata serikali iliwachagua 11, akiwamo bora wa kila fani, ikawapeleka Uingereza kuendelea na masomo.

Utaratibu huu hatuna budi kuufahamu vizuri. Kabla ya hapo dola kadhaa za Mashariki zilikuwa zimepeleka vijana Ulaya. Muhammad Ali wa Misri alipeleka kundi kubwa Paris mwaka 1826, pamoja na imamu wao Rifaa al-Tahtawi, na katika safari ya baadaye alikwenda Ali Mubarak, aliyerudi kuwa mhandisi na waziri mkubwa wa elimu. Misri ilikuwa na skuli yake ya uhandisi huko Bulaq tangu miaka ya 1830. Lakini watawala waliofuata walizifunga skuli nyingi kati ya hizo, na mnyororo ukakatika, ikabidi Khedive Ismail aanze tena. Japani ya Dyer iliwapeleka vijana waliokwishahitimu, wanaojua wanakwenda kutafuta nini, na wanaojua kwamba chuo walichotoka kinawangoja warudi kufundisha.

Shida Rinzaburo, bora katika fani ya telegrafu, alikwenda Glasgow kwa William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, akapata nishani ya dhahabu ya chuo. Alirudi akawa Mjapani wa kwanza kuwa profesa wa fani hiyo, na mwaka 1888 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumuiya ya wahandisi wa umeme wa Japani. Tatsuno Kingo alisoma usanifu London, na mwaka 1884 akachukua kiti cha mwalimu wake Conder. Yeye ndiye aliyechora Benki Kuu ya Japani na stesheni ya Tokyo iliyofunguliwa mwaka 1914. Takamine Jokichi, mtu wa kemia, alisoma Glasgow, na baadaye, akiwa Marekani, mwaka 1901 alitangaza kwamba ameitoa adrenalini ikiwa safi, dawa ambayo kila hospitali inaitumia hadi leo.

Walikuja na wengine nyuma yao. Watanabe Kaichi, aliyehitimu Tokyo mwaka 1883, alisoma Glasgow kisha akafanya kazi kwenye ujenzi wa daraja la reli la Forth, Scotland. Iko picha mashuhuri ya mwaka 1887 inayoonyesha watu watatu wakieleza kwa miili yao jinsi daraja lile linavyobeba uzito. Wawili wameketi kwenye viti wamenyoosha mikono, na wa tatu, katikati, ananing'inia kwenye ubao akishikiliwa na wale wawili. Huyo wa katikati ni Watanabe.

Na tusidhani kwamba kila aliyefaulu alivuka bahari. Tanabe Sakuro alihitimu mwaka huohuo wa 1883, na kazi yake ya kuhitimu ilikuwa ramani ya mfereji wa kuleta maji ya ziwa Biwa hadi mji wa Kyoto. Wakubwa wa Kyoto wakamkabidhi kijana huyo mradi wenyewe. Mfereji ulianza mwaka 1885 na ukamalizika 1890, ukapita ndani ya milima kwa mahandaki, na mwaka 1891 maji yake yakaanza kuzalisha umeme.

Tena tuutazame mwaka 1879 kwetu. Mwaka huo, Shida na wenzake wakipokea shahada zao za telegrafu, waya wa telegrafu wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja. Uliletwa na kampuni ya Kiingereza na ukaendeshwa na kampuni ya Kiingereza. Maneno yalipita, na watu wa Unguja wakalipia maneno, lakini hapakuwa na skuli ya kumfundisha kijana wa Malindi au Ng'ambo siri ya waya ule.

Dyer arudi kwao

Dyer aliondoka Japani mwaka 1882, akatunukiwa nishani ya Jua Linalochomoza. Mwaka 1886 chuo chake kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kikawa kitivo chake cha uhandisi. Kufikia mwaka 1885 kilikuwa kimetoa wahitimu 211, na Wajapani wakashika viti vya walimu wa kigeni kimoja baada ya kingine.

Mtu angetarajia kwamba Glasgow ingempokea kwa mikono miwili. Haikuwa hivyo. Aliomba kiti cha uprofesa wa uundaji wa meli katika chuo chake cha zamani, mara mbili, na mara mbili akakoseshwa. Aliyejenga chuo cha uhandisi cha dola nzima hakupata kiti kwao.

Hakukaa bure. Alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa chuo cha ufundi kilichotokana na Chuo cha Anderson alichosoma usiku, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Strathclyde, akijaribu kuingiza huko utaratibu wa darasa na karakana alioujaribu Tokyo. Alihudumu katika bodi ya skuli za Glasgow hadi akawa mwenyekiti wake. Mwaka 1904 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu Japani, Dai Nippon. Na nyumba yake ikawa kituo cha Wajapani waliokuja kusoma au kufanya kazi Clyde. Alipigania mambo yao madogo na makubwa, na mwaka 1901 Chuo Kikuu cha Glasgow kilikubali Kijapani kiwe miongoni mwa lugha za mtihani wa kuingilia. Mtahini aliyeteuliwa alikuwa mwanafunzi wa Kijapani aliyekuwa London, Natsume Soseki, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mkubwa wa riwaya wa taifa lake. Dyer alifariki Glasgow tarehe 25 Septemba 1918.

Insafu inatutaka tuseme upande wa pili pia. Elimu hiyohiyo ilijenga viwanda vya silaha na manowari. Japani ilipigana na China mwaka 1894 na na Urusi mwaka 1904, na ikaitawala Korea kwa mabavu. Dyer aliiita Japani kuwa ni Uingereza ya Mashariki kwa sifa, na baadhi ya majirani wa Japani walilionja jina hilo kwa uchungu. Chuo humpa mtu uwezo. Matumizi ya uwezo huo yanaamuliwa pengine.

Sisi na habari hii

Hatusemi kwamba Sayyid Barghash alikuwa mtawala asiyeona mbali. Alikuwa kinyume chake. Alipohamishiwa Bombay kabla ya kutawala aliona mengi, na alipozuru Uingereza mwaka 1875 akaona zaidi. Alileta maji ya mabomba mjini kutoka chemchem za Bububu, alileta mtambo wa kuchapia vitabu, meli zake zilisafirisha mizigo na watu, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib lilisimama mbele ya bahari. Wala hatusahau tofauti za hali. Japani ilikuwa na mamilioni ya watu wa lugha moja na desturi kongwe ya skuli. Zanzibar ilikuwa kisiwa na mwambao, na uchumi wake wa karafuu ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wameshaidai bara, na mwaka 1890 Waingereza wakaweka himaya. Hata kama skuli ingeanzishwa mwaka 1873, wahitimu wake wangekuta dola imeshakatwa vipande.

Hata hivyo tofauti moja haielezwi na ukubwa wa nchi. Maji, meli, jumba na mtambo vilinunuliwa vikiwa tayari. Kilipoharibika kitu, fundi aliandikiwa barua ng'ambo. Merikebu Glasgow ilipokwenda chini mwaka 1896, hakuna kilichobaki nayo isipokuwa milingoti. Wajapani walipopoteza meli walikuwa na watu wa kuunda nyingine.

Miaka 100 kamili baada ya Dyer kufika Tokyo, mwaka 1973, Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, na wanafunzi wake walipelekwa viwandani kwa mafunzo ya vitendo kila mwaka. Oman nayo ilifungua Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos mwaka 1986, uhandisi ukiwa miongoni mwa vyuo vyake vya mwanzo. Baina ya miaka hiyo miwili kuna kizazi chetu, vijana wa Unguja na Pemba waliokwenda Cairo, London, Moscow na kwingineko wakiwa na nia ya kurudi. Baada ya 1964 wengi hawakuweza kurudi. Baadhi yao walipokelewa Oman baada ya 1970 wakatengeneza barabara, umeme na bandari za huko, na wengine wakabaki Ulaya.

Shida na Tatsuno walirudi kwa sababu kiti cha mwalimu kilikuwa kinawangoja, na chuo chao kilikuwa bado kimesimama. Kumpeleka mwanafunzi nje ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo dola nyingi huisahau, ni kumwekea mahala pa kurudi. Wetu hawakuwekewa, na nchi iliyowasomesha haikuonja matunda yao.

Ndiyo maana tunawaomba wasomaji wenye wazee waliosoma uhandisi ng'ambo katika miaka ile watafute makabatini: shahada, barua, picha za madarasa, madaftari ya mahesabu. Safari za Wajapani wale tunazijua kwa sababu makaratasi yao yalihifadhiwa. Za wazee wetu bado ziko katika masanduku ya chuma chini ya vitanda, Muscat, Portsmouth na Dubai, na wenyewe wanazidi kupungua kila mwaka.